Somo la Mama Brigitte

Sikumtakia Mama Brigitte kifo. Nataka jambo hilo lieleweke tangu mwanzo, maana hapa mtaani kwetu Kamalondo kuna wanaosema nilimtibu kwa moyo mweupe, na kuna wanaosema nilikuwa nangoja kidonda chake kioze ili mguu ukatwe. Wote wanajisemea tu. Nilimtaka akiwa hai, mwenye akili timamu na ulimi usiokwama, kwa sababu nilikuwa na kazi na ulimi ule.

Alikuja asubuhi moja ya kiangazi, anachechemea, kidole gumba cha mguu kimefungwa kipande cha kitenge. Mimi, Sephora Mutale, ndiye muuguzi mkuu wa kituo kile cha afya. Aliponiona nyuma ya meza alisimama mlangoni, akageuka kutazama barabara kama mtu aliyekosea nyumba, kisha mguu ukamkumbusha kilichomleta.

"Ni weye njo docta wa hapa?" aliuliza.

"Docta iko ku hôpital. Miye ni infirmière. Ingia, mama. Ikala."

Nilimchoma kidole. Mashine ya kupima sukari haikutoa namba. Ilionyesha tu kwamba sukari yake imepita kiwango inachoweza kupima. Nikafungua kile kitenge, nikaosha kidonda polepole, na wakati wote huo hakuna aliyetamka jina la mwenzake. Nilijua atarudi. Kwa kidonda kile hakuwa na pa kuchagua.

Mama Brigitte alikuwa mama mkwe wangu. Mwanawe Zéphirin alinioa kanisani, kwa shela na kwaya, nami nikamzalia binti, Chance. Baada ya kujifungua nikaanza kukonda. Nilikula sahani nzima ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, nikaomba nyingine, na bado nguo zilinivuka. Mikono ilitetemeka. Jasho lilinitoka hata wakati wa baridi ya Juni, moyo ulikimbia nikiwa nimekaa, usingizi ukanikataa, nikawa nazunguka uani wakati wenzangu wamelala. Halafu macho yakaanza kutoka nje. Leo hii mwanafunzi yeyote wa uuguzi angenishika shingo na kusema ni tezi, inafanya kazi kupita kiasi. Mama Brigitte hakunishika shingo. Aliniangalia macho, akasema ni bulozi, yaani uchawi.

Aliwaita wanawake wa shirika, ile jumuiya yetu ndogo ya kanisa, wakakaa kwenye viti uani kwake. Mimi nilisimama katikati, Chance mgongoni.

"Mutazame ile macho," alisema. "Anakula, hanone. Usiku anatembea. Ile chakula yote inaendaka wapi?"

Mama Katongo, aliyekuwa kiongozi wa shirika, alivuta mtoto wake karibu. Zéphirin alitazama viatu vyake. Mama Brigitte alikuja nyuma yangu akafungua kitenge kwa mikono yake mwenyewe, akamtoa Chance, na mgongo wangu ukabaki na joto la mtoto ambaye hayupo. Sanduku langu lilikuwa tayari limewekwa barabarani.

Baba yangu alinipeleka kwa mtawa mmoja muuguzi, mama mfupi mwenye vidole baridi. Aliniambia nimeze maji huku ameshika koo langu, akatikisa kichwa, akanituma hospitalini kupima damu. Vidonge vilinirudishia mwili na usingizi. Macho hayakurudi kabisa. Hata sasa mtu akinitazama mara ya kwanza anafikiri nimeshtuka. Nikaenda kusomea uuguzi. Wapo wanaosomea kazi hii kwa kuwapenda wagonjwa. Mimi nilisoma kwa hasira, na sikurudia mwaka hata mmoja.

Mtoto sikurudishiwa. Zéphirin alikwenda kutafuta kazi Kolwezi akaoa mwingine, na Chance akakulia kwa bibi yake, mitaa michache kutoka kituo changu. Nilimwona akikua kwa mbali, kutoka sare za shule ya msingi hadi za sekondari. Aliponiona alivuka barabara. Siku moja nilimwita kwa jina lake. Alifanya ishara ya msalaba, akakimbia.

Basi huyo ndiye mama aliyeniletea kidole chake kilichooza.

Nilimtibu vizuri mno. Hapo ndipo kisasi changu kilipoanzia. Chai yenye sukari na mkate mweupe: marufuku. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi alichokuwa akikipika mwenyewe na kukisifia mtaa mzima: hata kikombe kimoja, hapana. Bukari, tonge la ukubwa wa ngumi yake na si ngumi ya mume, na mboga ya lengalenga nusu ya sahani. Alipokwenda kwenye sherehe ya ubatizo, nilimwuliza mbele ya watu alikunywa nini. Alipodanganya, nilimchoma kidole na kumsomea jibu kwa sauti. Jinsi alivyouma meno! Nilikuwa nikirudi nyumbani napiga mluzi. Na kidonda kikapona, sukari ikashuka, mashavu yakang'aa. Nilimtengeneza kama mtu anavyomnenepesha kuku wa sikukuu.

Sikukuu yenyewe ilikuwa Alhamisi. Alhamisi wagonjwa wa sukari huja bila kula, wanakaa kwenye benchi chini ya mabati ya baraza, na kabla ya kupimwa wanasikiliza koseri, yaani somo la afya. Kwingine muuguzi ndiye anayezungumza. Mimi nilikataa hilo. Kwangu mgonjwa wa siku nyingi anasimama na kuwafundisha wenzake: huyu jinsi ya kukagua nyayo, yule dalili za sukari kushuka. Mtu akishasema jambo mbele ya majirani, anaona haya kulivunja nyumbani. Ni njia nzuri ya kazi, na inafaa kwa mambo mengine pia.

Siku moja nilimwambia Mama Brigitte zamu yake imekaribia.

"Nitafundisha miguu," alisema haraka. "Ile ya miguu nayua bien."

"Hapana, mama. Miguu iko na bantu mingi. Weye utafundisha ugonjwa ya shingo."

"Lakini miye niko na sukari!"

"Bagonjwa ya sukari bengine bana shingo pia. Ni magonjwa ya jirani. Kila juma utaikala na miye kidogo, nitakufundisha."

Alinitazama, akaelewa. Nilitaka aelewe. Angeweza kukataa, lakini vidonge vyake vilikuwa kwangu, na hakujua kwamba ningempa hata angekataa. Sikumwambia.

Akaanza kujifunza. Na hapohapo, mvua zilipoanza, sukari yake ikaanza kupanda tena. Nikampigia kelele. Aliapa kwa Bikira Maria kwamba hajagusa munkoyo. Nikamwongezea vidonge, sukari ikapanda vilevile. Alikuwa amepungua uso, na mara mbili nilimkuta amekaa benchini na rozari mkononi, midomo inacheza.

"Ma' Sephora," aliniuliza mara moja, na ilikuwa mara ya kwanza kutamka jina langu, "hii dawa ya sukari, mutoto musichana anaweza kuikunywa?"

"Kila muntu na dawa yake," nilimjibu. "Tazama sukari yako, mama, acha bya bengine."

Nilikuwa na haraka ya kumkemea. Chance sikuwa nimemwona siku nyingi, nikafikiri amepelekwa kwa baba yake Kolwezi.

Ikafika Alhamisi yake. Benchi lilijaa. Mama Katongo alikuwepo, naye siku hizi ana sukari, na nilikuwa nimemkalisha mbele kwa makusudi. Mama Brigitte alisimama amevaa kitenge chake cha kanisani, akashika ukingo wa meza.

"Bamama, leo tunasema juu ya ugonjwa ya shingo," alianza. "Mu shingo muko kitu kidogo, kama kipepeo. Ikitumika sana, muntu anapotea kilo. Anakula mingi, lakini hanone."

Sauti ilikuwa nzuri, ile ya kusomea masomo kanisani. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, mikono kifuani.

"Mikono inatetemeka. Anatoka jasho hata ku baridi. Moyo inakimbia. Halalake, usiku anatembea mu lupango, inje ya nyumba." Mama Katongo aliinamisha kichwa. Niliona, nikafurahi hadi tumboni. "Na macho… macho inatoka inje. Ni ugonjwa. Haiko…"

Neno lililokuwa linafuata ni bulozi. Nilikuwa nimelingoja miaka yote ile. Nililiona likifika kwenye meno yake. Lakini mkono wa Mama Brigitte ukaacha meza, akanigeukia.

"Chance iko vile," alisema.

Sikuelewa. Nilifikiri anataka kukwepa.

"Maliza somo, mama."

"Chance iko vile, Sephora! Kilo, jasho, macho, yote. Nilimuficha mbali, inje ya muji, mu Annexe, kwa Ngosa. Nilimuvalisha miwani ya jua, lakini bantu balianza kusema." Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. "Nilijisemea ni sukari. Anakula, anakonda, anakunywa mayi mingi, kama miye. Nilimugawiaka dawa yangu. Nilikatala ikuwe macho yako."

Nilimshika mkono juu ya kiwiko, nadhani kwa nguvu, maana alama ilibaki.

"Dawa gani? Ile kidogo ya asubui?"

"Ile."

"Na leo amekunywa?"

"Kila asubui Ngosa anamupa. Lakini… Ngosa anamufungisha. Tangu juzi banamuombea, hakule kitu."

Mtu asiye na ugonjwa wa sukari, mwembamba, hajala tangu juzi, anapewa kidonge cha kushusha sukari kila asubuhi. Sikuhitaji kupima chochote. Nilichukua mfuko wa dharura, maji ya glukosi, sindano, mashine, nikawasha pikipiki ya kituo.

"Panda," nilimwambia. "Nyumba ya Ngosa siiyue."

Akapanda na kitenge chake cha kanisani, akanishika kiunoni. Mikono ile ile. Tulipita reli, tukapita maduka, lami ikaisha, tope likaanza, na kila tulipodunda aliniminya zaidi na kusema, "Unisamehe, mwanangu, unisamehe." Nilikuwa natukana kimoyomoyo matusi ambayo sikujua kama nayajua. Nilimtukana yeye, nikamtukana Zéphirin na viatu vyake, na kila shimo la barabara lilipata lake.

Ngosa ni dada yake Zéphirin. Nyumba yake iko mwisho wa vijia, katikati ya mashamba ya mahindi. Uani kulikuwa na majirani wamesimama, wote mbali na mlango wa jiko. Chance alikuwa amelala chini kizingitini, nguo zimeloa jasho, miguu inarukaruka. Hakuna aliyekuwa karibu naye hata hatua chache.

"Musimuguse!" Ngosa alinipigia kelele. "Bulozi yake njo inatoka! Kaa mbali!"

Nilimsukuma Ngosa akakaa kwenye beseni la mihogo.

Sukari ya Chance ilikuwa chini kabisa. Alikuwa hajitambui, kwa hiyo hakuna kumwagia kitu mdomoni, angepaliwa. Nilitafuta mshipa kwenye mkono uliokuwa fimbo tupu, nikaupata, nikaisukuma glukosi taratibu, huku nimemwinamia ili mvua iliyoanza kunyesha isimlowanishe mkono. Ndipo nilipoona shingo yake. Ilikuwa imevimba palepale ilipokuwa yangu, na moyo ulikuwa unagonga chini ya ngozi ya koo. Mwanangu. Nilikuwa sijamgusa tangu siku ile ya kitenge.

Miguu ikatulia. Kope zikacheza. Akafungua macho, makubwa, yaliyotoka nje, mazuri, akanitazama. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea paji la uso, nikajua ni ishara ya msalaba, nikangoja. Haukufika. Ulisimama hewani, akaendelea kunitazama jicho moja kisha la pili.

"Iko kama yangu," alisema kwa sauti ya usingizi.

"Eeh. Iko kama yako."

Nilimpa maji ya sukari, kisha uji. Kidonge kile hukaa mwilini siku nzima na zaidi, sukari ingeweza kushuka tena, kwa hiyo nikatuma watafute gari la kumpeleka hospitalini. Na tulipokuwa tunangoja gari, nilimgeukia Mama Brigitte. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope.

"Unisamehe," alisema.

"Hapana."

"Sephora…"

"Somo haukumaliza. Simama. Bantu beko hapa, beko kumi na kitu. Anza ku mwanzo."

Mwingine angesema huo haukuwa wakati wake. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa wakati wake. Alisimama, tope magotini, akaanza: kitu kidogo kama kipepeo. Kilo. Mikono. Jasho. Moyo. Usingizi. Alipofika kwenye macho sauti ilikatika, akaivuta tena.

"Haiko bulozi," alisema. "Ni ugonjwa. Miye njo nilisema ni bulozi. Nilifukuza muke ya mutoto wangu, nilimunyanganya mwana. Nilisema bongo, uongo mutupu. Mbele ya shirika, nilisema bongo."

Ngosa alikuwa bado kwenye beseni. Majirani wakaanza kusogea, mmoja mmoja, hadi mama mmoja akachuchumaa na kumfuta Chance matope miguuni. Mimi nilingoja furaha ije. Ilikuja, sitadanganya. Ilikuwa tamu kuliko munkoyo. Ila Chance alikuwa amesinzia kichwa kikiwa pajani kwangu, na hakusikia hata neno.

Hospitalini walimpima damu, ugonjwa ukawa ule ule nilioujua, akaanzishiwa vidonge vya kuituliza tezi. Nikamchukua kwangu bila kumwomba mtu ruhusa. Nilimfundisha kwamba akipata homa au koo likimuuma aache vidonge na aje kwangu mbio siku hiyohiyo, na kwamba kidonge cha mtu mwingine asikiguse hata akipewa na Papa wa Roma. Alinisikiliza kwa adabu. Hakuniita mama. Alikuwa akiniangalia nikipika, nikishona kifungo, nikicheka na majirani, na niliona anahesabu kitu kichwani mwake, kila kitu alichokosa. Uso wake ulizidi kukaza.

Alhamisi moja alisema anakuja nami kituoni. Mama Brigitte alikuwa benchini. Sukari yake imerudi chini, sasa anakunywa dawa zake zote mwenyewe. Alipomwona mjukuu wake alifungua mikono. Chance hakwenda. Aliwaomba watu wasogee, akakaa mbele kabisa, karibu na Mama Katongo, akavua miwani ya jua na kuikunja magotini.

Zamu ilikuwa ya Mama Brigitte. Alisimama kwa furaha, nafikiri alidhani mambo yamekwisha.

"Bamama, leo tunasema juu ya miguu…"

"Non, kambo," Chance alisema. Alimwita bibi, kama siku zote, na sauti haikupanda hata kidogo. "Haiko miguu. Ile ingine. Ile ulisema mu Annexe. Miye nilikuwa nalala, sikusikia."

Mama Brigitte alinitazama. Ningeweza kumwokoa kwa neno moja, na siku ile nilikuwa karibu kulisema, kwa kuwa langu nilikuwa nimeshalipata. Nilimtazama binti yangu. Nikaanza kupanga sindano za kuchoma vidole kwenye sahani.

Mama Brigitte akasimulia. Kipepeo, kilo, mikono, macho. Alisema kila neno hadi mwisho, bulozi, bongo, mtoto aliyenyang'anywa, na alipomaliza alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kulima. Akainama akitafuta kiti chake.

"Usiikale," Chance alisema.

"Mwanangu, nimesema yote."

"Kila siku nilikuwa navuka barabara, kambo. Kila siku. Mama alikuwa pale, na miye navuka." Macho yale hayakupepesa. "Rudilia."

Mama Brigitte alishika tena ukingo wa meza, akaanza na kipepeo.